Siri ya meli za mvuke: Pampu zilizozunguusha maji yaleyale safari nzima

Na MWANDISHI WETU

MNAMO Julai 26, 1916, wahandisi wa Kijerumani waliizamisha kwa makusudi meli yao iliyoitwa Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, karibu na mlango wa mto Malagarasi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimewaelemea, na hawakutaka chombo hicho kiangukie mikononi mwa adui. Hata hivyo, kabla ya kuizamisha, waliipaka mitambo yake grisi nzito kila mahali, kana kwamba walitarajia kurudi kuichukua.

Hawakurudi. Baada ya vita, Wabelgiji waliiibua lakini ikazama tena ikiwa Kigoma. Mwaka wa 1924 Waingereza waliiibua kwa mara nyingine, na walipoifungua walikuta mitambo na maboila yangali yanafaa kutumika. Mei 16, 1927, meli hiyo ilianza tena kazi kwa jina la Liemba, ikiendeshwa na mitambo ileile iliyolala majini kwa miaka kadhaa. Injini zake za mvuke ziliondolewa katika miaka ya 1970 na mahali pake zikawekwa za dizeli.

Msomaji atajiuliza: Ni mtambo wa aina gani huu unaoweza kuzama, kuibuliwa, kupanguswa na kuwashwa tena? Jibu ni kwamba injini ya mvuke ya meli ilikuwa mkusanyiko wa vyuma vikubwa, vinene, ambavyo fundi aliweza kuviona na kuvigusa kimoja kimoja. Lakini ukubwa wa vyuma hivyo haupaswi kutuficha jambo muhimu zaidi. Uhai wa meli ya mvuke ulitegemea maji, na maji hayo yalizungushwa na pampu. Pampu zikisimama, meli husimama. Zikisimama kwa muda mrefu ilhali moto unawaka, watu hufa.

Kutoka upepo hadi mvuke

Kwa karne nyingi, safari za Pwani ya Afrika Mashariki ziliamuliwa na upepo. Majahazi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na nahodha aliyechelewa kung'oa nanga alilazimika kungoja miezi. Mambo yalianza kubadilika kwa haraka baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka wa 1869. Mnamo 1872 kampuni ya meli ya British India, iliyoasisiwa na William Mackinnon, ilipewa kandarasi ya kusafirisha barua kwa meli za mvuke kati ya Aden na Zanzibar.

Jina la Mackinnon lilifika hata Ziwa Victoria. Meli ya SS William Mackinnon ilijengwa Paisley nchini Scotland, ikapanguliwa vipande vipande na kusafirishwa hadi Mombasa. Kutoka hapo vipande hivyo vilipelekwa bara na kuunganishwa upya Kisumu, ambako iliteremshwa majini mwaka wa 1900, kabla hata ya reli kufika huko Desemba 1901. Baadaye zilifuata Winifred, Sybil na Clement Hill, zote kutoka kiwanda hichohicho cha Bow, McLachlan. Graf von Götzen nayo ilijengwa kwa mtindo huo huo: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913, ikafungwa ndani ya masanduku takriban 5,000, kisha ikapelekwa kwa reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma.

Meli hizo hazikungoja kaskazi wala kusi. Hata hivyo, hazikuwa huru kabisa. Jahazi lilikuwa mtumwa wa upepo; meli ya mvuke ilikuwa mtumwa wa makaa na maji. Makaa yaliweza kurundikwa bandarini na kupakiwa. Suala la maji lilikuwa gumu zaidi, kama tutakavyoona.

Boila na nguvu iliyofungiwa

Safari ya nguvu huanzia kwenye boila. Hili ni pipa kubwa la chuma lililojaa maji kiasi, ambalo ndani yake mmepita matanuri na mirija. Moto huwaka ndani ya matanuri, moshi wake wa moto hupita katika mirija hiyo, na maji yaliyoizunguka huchemka. Lita moja ya maji ikichemshwa katika hali ya kawaida ya hewa hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Mvuke huo ukinyimwa nafasi ya kutanuka, hujisukuma dhidi ya kila ukuta wa pipa hilo. Msukumo huo ndio tunaouita shinikizo.

Kila mpishi amewahi kuona mfuniko wa sufuria ukirukaruka maji yanapochemka. Katika boila, mfuniko umefungwa kwa ribiti za chuma, na kinachoruhusiwa kutoka ni mvuke unaopelekwa kwenye injini. Kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo maji yanavyohitaji joto kali zaidi ili yachemke. Katika shinikizo la kilo 15 kwa kila sentimita mraba, maji huchemka yakiwa na joto linalokaribia nyuzi 200 za Selsiasi, mara mbili ya joto la maji yanayochemka jikoni.

Silinda tatu, kama muwa unaokamuliwa

Mvuke ukishatoka kwenye boila huingia katika silinda, ambamo mna pistoni inayopanda na kushuka. Vali hufungua njia ya mvuke juu ya pistoni, nayo ikasukumwa chini; kisha hufungua njia ya chini, nayo ikasukumwa juu. Pistoni imeungwa na fimbo ndefu ya chuma, na fimbo hiyo huzungusha mhimili wenye kombo, jinsi mguu wa mwendesha baiskeli unavyozungusha pedeli. Mhimili nao hutokea nyuma ya meli, chini ya tezi, na kuzungusha rafadha, yaani mapanga yanayoyasukuma maji nyuma ili meli iende mbele. Mhandisi aliweza kubadilisha majira ya kufunguka kwa vali kwa kuvuta wenzo mmoja, na mtambo mzima ukaanza kuzunguka kinyumenyume.

Mvuke unaotoka katika silinda ya kwanza bado una nguvu. Kuutupa ni sawa na kutupa muwa uliopitishwa mara moja tu kwenye mashine ya kukamua. Muuza maji ya miwa huukunja na kuupitisha tena, na tena, hadi libaki kapi. Wahandisi walifanya vivyo hivyo: mvuke uliotoka silinda ya kwanza uliingizwa katika ya pili, na uliotoka ya pili ukaingizwa katika ya tatu. Kwa sababu mvuke hutanuka kila unapopoteza shinikizo, silinda ya pili ilibidi iwe pana kuliko ya kwanza, na ya tatu iwe pana zaidi.

Kulikuwa na faida nyingine. Kama mvuke ungelazimishwa kutanuka wote katika silinda moja, ungepoa mno na kuzipoza kuta za silinda. Mvuke mpya unapoingia ungekutana na kuta baridi na kugeuka maji kabla ya kufanya kazi. Kwa kuigawa kazi hiyo katika silinda tatu, hasara hiyo ilipungua sana, na makaa yakaokolewa.

Mfano unaojulikana vyema ni meli za Liberty za Marekani, ambazo 2,710 kati yake zilijengwa kati ya 1941 na 1945. Silinda zake tatu zilikuwa na vipenyo vya takriban sentimita 62, 94 na 178. Injini hiyo yenye uzani wa zaidi ya tani 130 ilitoa nguvu za farasi 2,500 kwa kuzunguka mara 76 hivi tu kwa dakika. Mojawapo ya meli hizo, Jeremiah O'Brien, imehifadhiwa San Francisco, na mwaka wa 1994 ilivuka Atlantiki hadi Normandy, Ufaransa, kwa maadhimisho ya miaka 50 ya mapigano yaliyofanyika huko.

Nguvu ya kitu kisichokuwepo

Tukirejelea ile silinda ya tatu, mvuke unapotoka humo umechoka. Shinikizo lake limeshuka hata chini ya lile la hewa tunayovuta. Basi unatokaje? Ukifunguliwa njia ya nje, hewa ndiyo itakayoingia ndani. Hapa ndipo kilipo kifaa ambacho wengi hawakijui, nacho huitwa kondensa.

Kondensa ni sanduku kubwa la chuma lililojaa mirija myembamba ya shaba kwa mamia na maelfu. Ndani ya mirija hupita maji baridi ya bahari au ziwa. Mvuke huingia nje ya mirija, hukutana na ubaridi wake na kugeuka matone ya maji, kama yale yanayoonekana chini ya mfuniko wa sufuria. Kumbuka kwamba lita moja ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Mvuke unapogeuka tena kuwa maji, nafasi yote hiyo hubaki tupu, na utupu huo huitwa ombwe.

Anayetaka kuliona ombwe likifanya kazi atie maji moto kiasi katika chupa ya plastiki, aitikise, ayamwage, aifunge kwa kifuniko na kuitia katika maji baridi. Chupa itajikunja kana kwamba imefinywa na mkono. Anayeifinya ni hewa iliyo nje, ambayo hutusukuma sote kwa kilo moja hivi kwa kila sentimita mraba.

Katika injini, ombwe lilikuwa upande mmoja wa pistoni ya tatu na mvuke dhaifu upande wa pili. Tukichukua ile pistoni ya meli ya Liberty yenye kipenyo cha sentimita 178, eneo lake ni karibu mita mraba mbili na nusu. Ombwe zuri, linaloondoa sehemu kubwa ya shinikizo la hewa, huongeza msukumo wa takriban tani 20 kwenye pistoni hiyo. Nguvu hiyo yote inatokana na kitu kisichokuwepo. Ndiyo maana hata meli za Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, zilizozungukwa na maji yasiyo ya chumvi, zilihitaji kondensa.

Pampu nne na kazi zake

Sasa tumefika kwenye pampu zenyewe. Meli kubwa ilikuwa na pampu nyingi za kazi mbalimbali, lakini nne ndizo zilizoshika uhai wake.

Ya kwanza ni pampu ya kuzungusha maji ya kupoza. Hii huvuta maji ya bahari kutoka nje, huyapitisha katika mirija ya kondensa na kuyarudisha baharini yakiwa na uvuguvugu. Kazi yake si ndogo, kwani kila kilo moja ya mvuke huhitaji kilo 30 hivi za maji baridi, na pengine zaidi. Katika Bahari ya Hindi, ambako maji ya juu huwa na joto la nyuzi 28 hivi nyakati za kaskazi, pampu hii hutaabika zaidi kuliko katika bahari baridi za Ulaya, na ombwe hupungua.

Ya pili ni pampu ya hewa. Jina lake lina utata kidogo, kwa kuwa huvuta maji na hewa kwa pamoja kutoka sakafu ya kondensa. Hewa hiyo hutoka wapi? Nyingine huwa imeyeyuka katika maji ya boila, na nyingine hupenya mahali ambapo fimbo za pistoni zinaingilia silinda, kwani ombwe huvuta hewa kupitia kila ufa. Tofauti na mvuke, hewa haigeuki maji ikipozwa. Isipoondolewa, hujikusanya katika kondensa na ombwe likafa. Meli inaweza kuwa na moto mkali na boila lenye shinikizo kamili, lakini ikaenda kwa kujikokota kwa sababu ya pampu hii moja.

Katika meli nyingi za zamani pampu ya hewa haikuwa na injini yake. Iliungwa kwa wenzo mrefu na fimbo ya mojawapo ya pistoni kubwa, hivyo kila pistoni ilipopanda, pampu ilishuka. Mpangilio huo ulikuwa rahisi na imara. Kasoro yake ni kwamba injini kuu iliposimama, pampu nayo ilisimama. Hii ni sababu mojawapo iliyowafanya wahandisi kubuni pampu zenye injini zao ndogo. Moja ya pampu hizo ndogo, iliyofanya kazi zote za sulubu meli ikiwa bandarini, mabaharia wa Uingereza waliibandika jina la punda.

Ya tatu ni pampu ya kulisha boila. Maji yaliyotolewa na pampu ya hewa humiminwa katika tangi linaloitwa kisima cha moto, kwa kuwa yangali na joto. Kutoka hapo ni lazima yachujwe, maana yamebeba mafuta yaliyotumika kulainisha silinda. Utando mwembamba wa mafuta ukigandia ukuta wa tanuri hulizuia joto kuyafikia maji, na chuma chenyewe kikaungua. Katika meli nyingi chujio lilitengenezwa kwa madodoki, yaleyale tunayojisugulia bafuni.

Baada ya kuchujwa, maji husukumwa kuingia tena katika boila. Hapa pana fumbo linalostahili kufikiriwa. Pampu hii huendeshwa na mvuke wa boila. Vipi basi mvuke wa boila usukume maji kuingia katika boila hilohilo, ambalo lina shinikizo lilelile? Ni kama mtu anayejaribu kuushinda mlango ambao yeye mwenyewe anausukuma kutoka upande wa pili.

Jibu liko katika ukubwa wa pistoni. Pampu hiyo ina fimbo moja yenye pistoni mbili: ya juu huguswa na mvuke, ya chini huguswa na maji. Pistoni ya mvuke ni pana kuliko ya maji. Ikiwa eneo lake ni mara mbili, basi shinikizo la kilo 10 juu yake linaweza kuyasukuma maji kwa karibu kilo 20, nayo yakalishinda boila. Gharama yake ni kwamba mvuke mwingi hutumika kuingiza maji machache. Lakini kwa vile kilo moja ya maji hutoa ujazo mkubwa sana wa mvuke, biashara hiyo bado ina faida. Kampuni ya G. & J. Weir ya Glasgow, iliyoanzishwa 1871, ilijipatia sifa kwa pampu za namna hii.

Ya nne ni pampu ya ngama. Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani. Yaani maji yakiingilia nyuma au mbele ya chombo, mwishowe yote hukusanyika chini katika ngama. Katika jahazi, mabaharia huyafua maji hayo kwa upo. Katika meli ya mvuke, yenye injini inayodondosha maji na mafuta kutwa kucha na kuta za chuma zenye viungo vingi, kazi hiyo ilifanywa na pampu. Injini yenyewe iliweza kusimama kwa saa kadhaa bila maafa. Ngama isiyofuliwa haikuwa na subira hiyo.

Chumvi, adui wa boila

Meli iliyo katikati ya bahari imezungukwa na maji isiyoweza kuyanywa. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali. Meli za kwanza za mvuke zilitumia maji hayohayo ndani ya boila, kwani hapakuwa na mengine. Kondensa za wakati huo zilikuwa za kunyunyiza: maji ya bahari yalirushwa moja kwa moja ndani ya mvuke, vyote vikachanganyika, na mchanganyiko huo wa chumvi ndio uliorudishwa kwenye boila.

Matokeo yake yanajulikana na kila aliyechungulia ndani ya birika la zamani la chai. Utando mgumu kama jiwe huganda kwenye chuma. Kila mara wahandisi walilazimika kufungua vali na kumwaga baharini sehemu ya maji yaliyokolea chumvi, wakimwaga pia joto lililolipiwa kwa makaa. Isitoshe, baadhi ya chumvi hizo huganda zaidi kadiri joto linavyopanda. Kwa sababu hiyo, shinikizo la juu halikuwezekana. Meli zilibaki na injini dhaifu zinazokula makaa mengi, na sehemu kubwa ya ngambi yake ilikuwa ghala la makaa badala ya shehena.

Mwaka wa 1834 Mwingereza Samuel Hall alipata hataza ya kondensa ya mirija, ambamo mvuke na maji ya bahari havikutani. Ilichukua muda kabla ya wenye meli kuikubali, kwani mirija ilivuja na kuziba. Lakini ilipoboreshwa na kuenea katika miaka ya 1860, mambo yaligeuka. Maji safi yaleyale yaliweza sasa kuzunguka kutoka boila hadi silinda, kondensa, kisima cha moto na kurudi kwenye boila, safari nzima. Kiasi kidogo kilichopotea kwa kuvuja kilifidiwa kwa maji ya tangini au kwa mtambo wa kuvukiza maji ya bahari.

Mwaka wa 1866, meli ya Agamemnon ya Alfred Holt, iliyotumia shinikizo la zaidi kidogo ya kilo nne kwa sentimita mraba na silinda za kukamua mvuke mara mbili, ilisafiri kutoka Liverpool hadi Mauritius bila kutua kuchukua makaa. Mwaka wa 1881, meli ya Aberdeen, yenye injini ya silinda tatu iliyobuniwa na Alexander Kirk na shinikizo la karibu kilo tisa, ilifika Melbourne, Australia kwa siku 42. Injini za namna hiyo zingekuwa ndoto tupu kama boila lingeendelea kulishwa chumvi.

Waliokaa chini ya sitaha

Kosa katika chumba cha mitambo lilikuwa na adhabu kali. Maji yakipungua ndani ya boila, paa la tanuri hubaki wazi bila kitu cha kulipoza. Chuma huwa chekundu, hulainika, hubonyea na hatimaye hupasuka. Maji yote yaliyobaki, ambayo yalizuiwa na shinikizo yasichemke zaidi, hugeuka mvuke kwa ghafla. Ndiyo maana kila boila lilikuwa na mrija wa kioo ulioonyesha kimo cha maji, na mhandisi wa zamu aliutazama mrija huo kuliko kitu kingine chochote. Maboila mengi yalikuwa pia na kizibo cha madini laini kilichoyeyuka maji yakishuka mno, kikauruhusu mvuke kutoka na kuuzima moto.

Aprili 27, 1865, mashua kubwa ya mvuke iliyoitwa Sultana ililipuka katika mto Mississippi, karibu na Memphis, Marekani. Ilikuwa imeruhusiwa kubeba watu 376 lakini ilibeba zaidi ya 2,000, wengi wao wanajeshi waliotoka kifungoni. Maboila matatu kati ya manne yalipasuka, na zaidi ya watu 1,100 wakaangamia. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni boila lililozibwa kiraka kwa haraka, na maji yaliyopungua katika maboila kila chombo hicho kilichosheheni kilipoinama upande.

Tunaposimulia habari za mitambo hii, ni haki tuwataje walioilisha. Titanic ilikuwa na maboila 29 yenye matanuri 159, na ilichoma takriban tani 600 za makaa kwa siku, yote yakitupwa kwa sepetu. Usiku ilipozama, Aprili 1912, wahandisi wake walibaki chini wakiziendesha pampu na mitambo ya umeme. Hakuna mhandisi wake hata mmoja aliyenusurika.

Watu wa Pwani yetu nao walikuwamo katika kazi hiyo. Katika karne ya 19, jeshi la majini la Uingereza liliwaajiri wanaume Waafrika kutoka Zanzibar, Aden na Bombay, waliojulikana kama Masidi, kuchochea moto na kubeba makaa katika meli zilizopiga doria Bahari ya Hindi. Baadhi yao walikuwa watumwa waliokombolewa, na miongoni mwa kazi za meli hizo ilikuwa kuyakamata majahazi ya biashara ya watumwa. Walifanya kazi katika joto lililowashinda wengi, mbali na macho ya abiria, na majina yao hayakuandikwa kwenye omo wala tezi ya meli yoyote.

Mvuke haujastaafu

Itakuwa makosa kudhani kwamba elimu hii imezama na meli zake. Pistoni zilianza kupokonywa nafasi yake na tabo, yaani gurudumu la mapanga linalozungushwa na mvuke, baada ya Charles Parsons kuonyesha kasi ya chombo chake Turbinia mwaka wa 1897. Baadaye injini za dizeli zilizichukua meli za kawaida za mizigo na abiria. Lakini boila, kondensa na pampu vilihamia nchi kavu, katika vituo vya kuzalisha umeme.

Mfano hauko mbali. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, mtambo wa kwanza wa jotoardhi ulianza kuzalisha umeme mwaka wa 1981. Humo boila ni ardhi yenyewe, na mvuke hupanda kupitia visima vilivyochimbwa. Ukishaizungusha tabo, mvuke huo huingia katika kondensa na kupozwa ili ombwe lipatikane, kama ilivyokuwa ndani ya Liemba na Clement Hill.

Mvuke wa ardhini huja na gesi zisizogeuka maji, hasa hewa ya kaboni. Zikiachwa ndani ya kondensa, ombwe hupungua na umeme hupungua nao. Kwa hiyo ni lazima paweko vifaa vya kuzivuta nje saa zote ambazo mtambo unafanya kazi. Mhandisi wa meli ya mwaka wa 1900 akipelekwa hapo leo, huenda asitambue kompyuta zilizo katika chumba cha udhibiti. Lakini akiulizwa ni kwa nini vifaa hivyo haviruhusiwi kusimama, atajibu bila kusita, maana kazi hiyo aliijua kwa jina la pampu ya hewa.